Bundi Mdogo wa Msitu wa Sokoke: Namna Anavyohesabiwa na Mahali Anapotaka Kukaa



Mwezi huu tunaweka jembe kando kidogo tupate kumtazama ndege. Huenda ukauliza, “Ndege ana shauri gani na shamba langu?” Ngoja tufike mwisho wa somo, ndipo utakapoona. Wengi katika ninyi mlio katika skimu za makazi za Kilifi, kama vile Gede, Mtondia na Ngerenya, mnaishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Asubuhi mnauona msitu huo, na jioni moshi wa meko yenu unaelekea huko. Ndani yake anakaa bundi ambaye hapatikani katika nchi nyingine yoyote ya dunia ila Kenya na Tanzania. Na ninyi mlio katika skimu za mbali, za bara, someni pia, kwa maana kila skimu iliyo kando ya msitu ina shauri kama hili.

Somo letu lina sehemu tatu. Kwanza, bundi huyu ni yupi. Pili, ndege wa usiku asiyeonekana huhesabiwaje. Tatu, hesabu hiyo yatufundisha nini sisi wenye mapanga na mashoka.

BUNDI TUNAYEMSEMA

Watu wa vijijini huwajua bundi kwa jumla tu, wala hawawatenganishi. Lakini bundi wako wa namna nyingi, kama vile maharagwe yalivyo ya namna nyingi. Yuko bundi mkubwa mwenye uso mweupe, ambaye hukaa darini na katika magofu, akilia kwa sauti ya kukwaruza. Yuko mwingine wa kadiri, akaaye katika miti mirefu. Huyu wa Sokoke ni mdogo kuliko hao wote. Urefu wake, tangu kichwa hata mkia, ni kama inchi 6 na nusu au 7. Ukimweka kwenye mizani hazidi sana gramu 50, yaani uzito wa yai moja la kuku.

Macho yake ni ya manjano, na juu ya kichwa ana manyoya mawili yaliyosimama kama masikio. Rangi yake haiwi moja. Wengine ni wa kijivu, wengine wa hudhurungi, na wengine wekundu kama udongo wa huko wanakokaa. Usidhani kwamba hao ni makabila matatu, la. Wote ni wa namna moja, kama ng'ombe wa boma moja walivyo weusi na wekundu.

Chakula chake ni wadudu, kama vile mende wa msituni, panzi na nyenje. Mchana hulala katika matawi ya chini yenye majani mengi, mara nyingi yeye na mwenzake wamekaa bega kwa bega. Rangi yake hufanana na gome la mti, hata unaweza kupita karibu naye usimwone.

Wataalamu walimjua bundi huyu katika mwaka wa 1965, na mwaka wa 1966 akaandikwa katika vitabu vyao kwa jina la Otus ireneae. Kwa muda wa miaka zaidi ya 25 walidhani kwamba yuko Arabuko-Sokoke peke yake. Kisha mwaka wa 1992 akapatikana pia katika misitu iliyo chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, huko Tanzania. Kadhalika wako wachache kaskazini ya mto Sabaki, katika misitu ya Dakatcha. Zaidi ya hapo hapana.

MSITU MMOJA, AINA TATU

Mkulima hodari hasemi “shamba langu” kana kwamba lote ni sawa. Anajua kwamba bondeni patafaa mpunga, na kule juu penye kichanga patafaa mihogo. Msitu nao ni vivyo hivyo. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba 420 hivi, yaani zaidi ya ekari 100,000, nao uliwekwa kuwa msitu wa Serikali mwaka wa 1943. Mtu aupitaye kwa gari katika barabara ya Malindi husema kwamba ni msitu tu. Lakini ukiingia ndani kwa miguu utakuta aina tatu, na kila aina ina udongo wake.

Ya kwanza ni msitu wa mchanganyiko, ulio upande wa mashariki, upande wa bahari. Humo mna mibambakofi na mitandarusi na miti mingine mingi. Mvua huko ni nyingi kuliko kwingine, nayo hupita milimita 1,000 kwa mwaka.

Ya pili ni msitu wa mirihi, ulio katikati. Udongo wake ni mchanga mweupe usio na rutuba, na miti imeachana, hata jua hufika chini na nyasi zikaota.

Ya tatu ni msitu wa mifunda, ulio upande wa magharibi, katika mchanga mwekundu. Wataalamu huuita mti huo Cynometra. Mifunda si mirefu sana, lakini imesongamana, na kupita katikati yake ni kazi. Pamoja na mifunda huota mihuhu, ambayo wengine huiita mihugu, yaani ule mti mgumu upendwao na wachonga vinyago. Sehemu hii ya mifunda ni zaidi kidogo ya nusu ya msitu wote. Mvua yake ni haba, na kaskazini-magharibi hushuka mpaka milimita 600 hivi kwa mwaka.

Kumbuka aina hizi tatu vizuri, maana bila kuzijua hesabu yetu itaharibika.

KUHESABU KWA MASIKIO

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ng'ombe huhesabiwa langoni mwa boma, mmoja mmoja akipita. Je, utamhesabuje ndege aliye mdogo kama ngumi, mwenye rangi ya gome, ambaye hatoki ila usiku, naye yumo katika msitu uliosongamana? Kwa macho huwezi. Sharti umhesabu kwa masikio.

Bundi wa Sokoke ana sauti yake. Ni kama mluzi mwembamba, unaopigwa moja moja kwa nafasi sawa, mara tano, sita, hata tisa mfululizo. Kisha hunyamaza, akaanza tena. Yuko jamaa yake mwingine mdogo, ambaye huonekana sehemu nyingi za Afrika, lakini sauti ya huyo ni mkoromo mmoja mfupi, kisha kimya kirefu. Kwa hiyo mwenye kuhesabu hujifunza sauti kwanza, kama vile mchungaji ajifunzavyo kengele ya ng'ombe wake. Asiyezijua sauti asihesabu.

Kazi hufanywa hivi:

1. Mchana, watu huchora njia katika ramani, katika kila aina ya msitu. Katika kila njia huweka vituo vyenye mwendo sawa kati yao. Vituo huchaguliwa kabla ya kwenda, wala haifai kuvichagua kwa sababu bundi alisikika hapo jana.

2. Jua likisha kutua, huenda kituo cha kwanza. Huzima tochi, wakasimama kimya dakika kadhaa. Asiongee mtu, wala asivute sigara, wala asikanyage makuti.

3. Wasiposikia kitu, hupiga sauti ya bundi kwa chombo cha kunasia sauti. Bundi mwenye eneo lake akisikia sauti ya mgeni hujibu, kama vile jogoo wako ajibuvyo jogoo wa jirani.

4. Akijibu, huelekeza dira upande wa sauti, wakaandika katika daftari: saa, kituo, upande, na mwendo wanaoukisia.

5. Wakiwa makundi mawili yaliyosimama mahali mbalimbali, kila kundi huandika upande wake. Kesho yake huchora mistari miwili katika ramani, na pale inapokutana ndipo alipokuwa bundi. Hivi huzuia kosa la kumhesabu bundi mmoja mara mbili.

6. Usiku wa upepo mwingi au mvua hawahesabu. Majani yakivuma sikio hudanganyika, na bundi nao hunyamaza.

7. Kazi hurudiwa usiku mwingine, maana bundi aliyenyamaza leo huenda akalia kesho.

Hapo tunaongeza onyo. Usiingie msituni usiku peke yako kwa kusoma makala hii. Ndovu wamo. Wahesabuji huenda kwa ruhusa, pamoja na askari wa msitu na wenyeji wanaoijua kila njia. Na mtu asipige sauti ya bundi kwa simu yake kila siku kwa mchezo. Bundi huacha kutafuta chakula akaja kupigana na mgeni asiyekuwapo, na nguvu zake zikapotea bure.

NAMNA YA KUPIGA HESABU

Bwana Shamba akitaka kukisia mavuno ya mahindi yako, hahesabu kila gunzi. Hupima vipande vichache vya shamba, akahesabu vilivyomo, kisha akazidisha. Wahesabuji wa bundi hufanya vivyo hivyo. Lakini Bwana Shamba akipima penye samadi tu, atakuahidi magunia ambayo hutayaona. Kwa hiyo tazama mfano huu. Tarakimu zake ni za kujifunzia tu.

Tuseme wahesabuji wamesikiliza kilomita za mraba 2 za msitu wa mifunda, wakapata jozi 6 za bundi. Basi kilomita moja ya mraba ina jozi 3. Tuseme tena kwamba msitu wa mifunda unaofaa ni kilomita za mraba 200. Zidisha 3 kwa 200, utapata jozi 600.

Sasa mtu mwingine asiyezijua aina tatu za msitu huchukua ile 3 akaizidisha kwa msitu wote, kilomita za mraba 420. Atapata jozi 1,260. Karatasi yake itaonyesha bundi zaidi ya mara mbili ya walioko. Atasema, “Wako tele, hapana haja ya kujali.” Jozi 600 zinaweza kupungua zikawa 300, naye bado karatasi yake yamwambia kwamba mambo ni mema. Ndiyo sababu tulisema uzikumbuke aina tatu. Hesabu ya udongo mmoja haizidishwi kwa udongo mwingine.

KUMFUATA BUNDI KWA REDIO

Kujua idadi hakutoshi. Yafaa kujua pia bundi mmoja anahitaji nafasi kiasi gani, na analala wapi. Kwa ajili hiyo, katika miaka ya 1990, wataalamu waliwanasa bundi wachache kwa nyavu nyembamba, wakawafunga redio ndogo sana isiyowalemea, wakawaachilia. Redio hiyo haisemi maneno. Hutoa mlio mdogo tu, na mtu mwenye chombo cha kupokelea huufuata usiku kucha. Kila mara huandika bundi yuko wapi. Asubuhi humfuata mpaka tawi analolalia, akaandika ni mti gani, urefu wake ni nini, na majani yamesongamana namna gani.

Ukiweka alama hizo zote katika ramani utaona mipaka ya shamba la bundi. Ndiyo, naye ana shamba. Hulilinda kwa sauti, na humo hupata chakula, kitanda na mahali pa kulelea watoto. Tofauti yake na wewe ni kwamba yeye hana hati.

YALIYOONEKANA

Hesabu hizo zilionyesha mambo manne.

La kwanza, bundi huyu hukaa katika msitu wa mifunda, katika mchanga mwekundu. Katika mirihi na katika msitu wa mchanganyiko hakai, ingawa ni mwendo mfupi tu kwa ndege mwenye mabawa.

La pili, hata katika mifunda hawi sawasawa. Penye miti iliyokua na majani yaliyosongamana hupatikana wengi. Palipokatwakatwa pakabaki vichaka vifupi, hupatikana wachache au hapana kabisa.

La tatu, katika miaka ya 1990 ilikisiwa kwamba Arabuko-Sokoke ilikuwa na jozi 1,000 hivi. Hesabu iliyofanywa kati ya 2005 na 2008 ilikisia jozi 800 hivi. Maana yake ni kwamba, katika kila jozi tano, moja imekwisha kutoweka. Na katika muda huo mpaka wa msitu haukusogea. Katika ramani msitu ni ule ule. Kilichopungua ni kilichomo ndani.

La nne ndilo la kutuhusu zaidi. Bundi hakuondolewa kwa kukatwa msitu wote siku moja. Aliondolewa kwa fito moja, nguzo moja, gogo moja la muhuhu. Tazama namna ilivyo. Bundi wa jamii hii hutaga katika mashimo ya miti. Mti mchanga hauna shimo. Mti wenye shimo ni ule wa zamani, uliovunjika tawi ukaoza moyo. Mkata kuni huupenda kwa sababu umekwisha kukauka, na mchongaji huutaka muhuhu kwa sababu ni mnene. Kila mmoja huchukua mti mmoja tu, akasema, “Mti mmoja ni nini katika ekari 100,000?” Lakini ule mmoja ulikuwa nyumba, na nyumba ya namna hiyo hujengwa kwa miaka mingi. Mihuhu hukua polepole sana. Mwanao atakuwa mzee kabla ya mti utakaopandwa leo kuwa na shimo la bundi.

“JE, NDEGE NI BORA KULIKO MTU?”

Swali hili twalijua, nalo si swali baya. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 watu wengi walioishi kando ya msitu walitaka ukatwe, watu wapewe mashamba. Wewe uliyepewa ekari zako katika skimu, ukaona wanao wanakua nawe huna pa kuwagawia, lazima utazame ule msitu ujiulize. Tena ndovu walitoka humo wakala mahindi ya watu, na mwenye mahindi hakulala usingizi. Hayo ni kweli, wala haifai kuyaficha.

Lakini mkulima hununua shamba kwa kutazama udongo, si kwa kutazama ukubwa. Basi tuutazame udongo wa mifunda kama wakulima. Ni mchanga mwekundu, usioshika maji, mahali ambapo mvua ni milimita 600 kwa mwaka nayo haiji kwa ratiba. Wewe mwenyewe wajua mahindi hufanyaje mahali pa namna hiyo. Yataota, yatapanda mpaka gotini, kisha mvua itakatika kabla ya kubeba. Mfunda umeweza kukaa huko kwa sababu mizizi yake imezoea ukame. Ukiung'oa, mwaka wa kwanza utapata majivu ya kurutubisha, mwaka wa pili utapata kidogo, na mwaka wa tatu utakuwa na ekari nyingi za kuangalia. Hapo bundi hayupo, kuni hazipo, asali haipo, na mahindi pia hayapo.

Kwa hiyo shauri halikuwa kuchagua kati ya bundi na chakula. Udongo anaoupenda bundi si udongo utakaokulisha. Lililo letu ni kutafuta namna ya kupata fito, kuni na fedha bila kuingia kwake.

YA KUFANYA KATIKA SHAMBA LAKO

Panda miti yako mwenyewe. Mvinje hukubali mchanga wa pwani, na kwa miaka minne au mitano hutoa fito na nguzo nzuri za kujengea. Upande mpakani au katika kipande kisichofaa mahindi. Mwenye mivinje 200 hana sababu ya kumwogopa askari wa msitu.

Mkilifi, yaani mwarobaini, hustahimili jua, nao hukua upesi kuliko muhuhu. Wachonga vinyago wengi wa Malindi na Mombasa wamekwisha kuutumia. Ukipata mnunuzi wa vinyago, muulize ametumia mti gani. Akiona kwamba watu hawataki tena muhuhu ulioibwa, naye ataacha.

Fuga nyuki. Mzinga haukati mti, na msitu uliosimama ndio malisho yao. Tundika mizinga upande wa msitu, mbali kidogo na nyumba na mifugo.

Fuga vipepeo, ikiwa u karibu na Gede. Tangu 1993 uko mradi wa Kipepeo. Mkulima hulisha viwavi kwa majani ya miti ya msituni aliyoipanda kwake, na viwavi wakisha kujifunga gamba huuzwa ng'ambo, kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kazi hii haitaki ekari nyingi. Yataka usafi na kufuata saa. Na watu walioanza kuifanya wakaona kwamba msitu uliosimama huwaletea fedha.

Ingia katika chama cha jumuiya ya msitu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 yaruhusu wenyeji kuungana katika chama na kupatana na Shirika la Huduma za Misitu juu ya matumizi yaliyo halali, kama vile kuokota kuni, kukata nyasi na kuweka mizinga. Asiyekuwamo katika chama huambiwa tu yaliyokwisha kuamuliwa. Aliyemo husema neno lake.

Wasaidie vijana wapendao msitu. Wako wenyeji wanaojua kila tawi wanalolalia bundi, na wageni husafiri kutoka mbali sana ili waonyeshwe. Kijana ajuaye sauti za ndege na majina ya miti ana kazi, lakini kazi hiyo itadumu maadamu bundi yumo.

JUU YA KUMWOGOPA BUNDI

Tumebakiwa na jambo moja. Wazee wetu wengi walisema kwamba bundi akilia juu ya nyumba, mtu atakufa. Kwa sababu hiyo bundi wengi wamepigwa mawe. Hatutaki kugombana na wazee, lakini tufikiri pamoja. Bundi wa Sokoke haji nyumbani kwako kabisa. Yumo katika mifunda, akila wadudu. Na yule mkubwa mwenye uso mweupe anayekuja darini hufuata panya. Panya wamefuata mahindi yako. Kwa hiyo ukimsikia bundi juu ya ghala, jua kwamba panya wako tele, naye amekuja kufanya kazi usiyomlipa. Ukimpiga mawe, umemfukuza mlinzi ukabaki na wezi. Tena tahadhari na sumu ya panya. Bundi akila panya aliyekula sumu, naye hufa, na mwezi ujao panya watakuwa wengi kuliko kwanza.

MWISHO

Umeona kwamba kumhesabu bundi si mchezo wa watu wenye nafasi. Ni kama kutazama geji ya maji katika tangi. Geji haikupi maji, lakini yakwambia mapema kama tangi lavuja. Bundi akipungua, basi miti mizee imepungua, na miti mizee ikipungua, msitu unavuja ingawa kwa nje ni wa kijani kibichi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jozi moja katika tano imekwisha kutoweka. Ufa tumeuona, na udongo wa kuuziba uko katika mashamba yetu wenyewe, ndani ya miche ya mivinje na mikilifi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomeeni watoto na majirani makala hii, kisha waulizeni:

1. Bundi wa Sokoke hukaa katika msitu wa aina gani, na udongo wake una rangi gani?
2. Kwa nini bundi huhesabiwa kwa masikio wala si kwa macho?
3. Kwa nini vituo vya kusikilizia huchaguliwa kabla ya kwenda msituni?
4. Katika kilomita za mraba 4 za mifunda zimesikika jozi 10. Je, katika kilomita za mraba 100 za mifunda mtakisia jozi ngapi? Na je, hesabu hiyo yaweza kutumika kwa msitu wa mirihi?
5. Mti mmoja wa muhuhu wenye shimo una faida gani msituni, na ni mti gani uwezao kupandwa shambani ili ule usikatwe?

Jibu la swali la nne ni jozi 250. Na kwa mirihi, hasha, haitumiki. Majibu mengine yamo katika makala. Asiyeyapata na arudi kusoma tena, kisha aende kuchimba mashimo ya miche kabla ya mvua.